Kufundisha kanda za saa za dunia: mwongozo kwa mwalimu wa Mombasa

Mwalimu, simama mbele ya darasa Mombasa uulize, "London sasa hivi ni saa ngapi?" Utapata majibu manne. Mmoja ametoa masaa matatu. Mwingine ametoa mawili, kwa kuwa ndivyo mechi za Agosti zilivyokuwa. Wa tatu amehesabu kwa saa ya simu akajibu kwa saa ya Kiswahili. Wa nne ameongeza badala ya kutoa. Ni wa nne peke yake asiyejua anachofanya. Hao watatu wanajua nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo inayowaangusha.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Ugumu uko kwingine: mtoto wa hapa anatembea na saa mbili kichwani, tena na siku inayoanza jioni nyumbani kwao na usiku wa manane kwenye simu. Vitabu vingi huanza na ramani ya dunia na mstari wa Greenwich, yaani ule wa longitudo 0 unaopita London. Sisi ramani tunaiweka mwisho.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 15. Tenga vipindi vitatu vya dakika 40, pamoja na adhuhuri moja ya masaa mawili uwanjani.

Vitu vya kuandaa

- Fimbo iliyonyooka, itakayobaki mita 1 juu ya ardhi baada ya kuchimbiwa
- Timazi: uzi na nati nzito vinatosha
- Chaki, tepu ya kupimia, na uzi wa mita 2
- Mpira wa kandanda namba 5, ukiwezekana mweupe, na kalamu ya wino unaofutika
- Tochi yenye mwanga mkali
- Leso tano au sita za kuziba madirisha
- Karatasi ya manila, gundi, rula, kalamu nyekundu na nyeusi
- Saa ya ukutani ya akrabu, hata iliyokufa betri
- Simu moja yenye intaneti, ya kukagulia majibu. Isitoke mfukoni kabla ya hatua ya 6.

Hatua

1. Sawazisha lugha kwanza. Usiiruke hatua hii hata kama darasa ni la watoto hodari. Neno "saa" linabeba mambo mawili: wakati na muda. Ukisema "China imetutangulia saa tano", nusu ya darasa inasikia saa tano asubuhi. Kubaliana nao hivi: *saa* ni wakati unaosomwa ukutani, *masaa* ni muda unaohesabiwa. Wasanifu wa lugha watakununia kwa "masaa", na katika insha ya Kiswahili wana haki yao, lakini katika somo hili neno hilo litakuokoa mara ishirini kwa kipindi.

Kanuni ya pili ya darasa: tarakimu zenye nukta mbili (14:00) ni saa ya simu, ikiandikwa kwa maneno (saa nane mchana) ni ya Kiswahili. Mwongozo huu nao unafuata hivyo.

Sasa chukua saa ya ukutani. Weka akrabu fupi kwenye 9 uwaulize namba iliyo mkabala nayo ni ipi. Ni 3: saa tatu. Weka kwenye 2, mkabala ni 8: saa nane. Tofauti ni masaa sita, nusu ya duara, ndiyo maana jibu hukaa ng'ambo daima. Wape nyakati kumi za haraka haraka, kuanzia 07:00 hadi 23:00, mpaka wajibu bila kufikiri. Za usiku ndizo zinazowachanganya: 03:00 ni saa tisa usiku, 19:00 ni saa moja usiku.

Kisha kanuni ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote: hesabu yote hufanywa kwa saa ya simu, Kiswahili huja kwenye jibu la mwisho tu. Anayebadilisha katikati ya hesabu hukosea kwa masaa sita kamili. Hilo ni jambo zuri kwako unaposahihisha, maana ukiona kosa la masaa sita unajua limetokea wapi.

2. Pima adhuhuri ya Mombasa kwa kivuli. Chimbia fimbo uwanjani mahali pa tambarare na uihakikishe kwa timazi pande mbili, mbele na ubavuni. Ikilala hata kidogo, kipimo kimeharibika.

Usiwaambie watafute kivuli kifupi kuliko vyote. Karibu na adhuhuri urefu wa kivuli hubadilika polepole mno, na watabishana dakika kumi nzima ni kipi kifupi. Fanyeni hivi badala yake:

- Saa 11:20 tia alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli.
- Funga uzi kwenye shina la fimbo, uvute hadi kwenye alama, uchore duara zima kwa urefu huo.
- Kivuli kitafupika, kiingie ndani ya duara, kisha kirefuke tena. Ncha ikigusa duara mara ya pili, andika saa.
- Jumlisha nyakati hizo mbili, gawa kwa mbili. Mfano: 11:20 na 13:22 zinatoa 12:21. Hapo ndipo jua lilipopinduka Mombasa.

Darasa litashangaa kwamba si 12:00. Hapa ndipo penye somo zima, kwa hiyo usikimbilie kulieleza. Waache washuku fimbo kwanza. Saa ya Kenya iko masaa 3 mbele ya Greenwich, na masaa 3 ni ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki (nyuzi 15 kwa kila lisaa, kama hatua ya 3 itakavyoonyesha). Mombasa iko kama nyuzi 39.7. Mji uliokaa karibu kabisa na 45 ni Mogadishu. Kwa maneno mengine, tunatumia saa za jua la Mogadishu, na jua hilo linatufikia dakika 21 baadaye.

Dakika 21 ni wastani. Kwa kuwa njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, jibu lenu linaweza kuangukia popote kati ya 12:05 (mwanzoni mwa Novemba) na 12:36 (katikati ya Februari). Mkipata 11:50, timazi haikufanya kazi.

Tahadhari mbili. Mtoto asilitazame jua, hata kwa miwani ya giza. Macho yabaki chini kwenye kivuli. Na angalia majira: wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, mawingu huwa machache, ila mnamo tarehe 10 Machi jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri hujificha chini ya fimbo. Hali hiyo hurudi mwanzoni mwa Oktoba. Njia ya duara bado inafanya kazi siku hizo, lakini waonye mapema wasije wakadhani fimbo ina uchawi. Tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri cha fimbo ya mita 1 huwa kama sm 52 na hulala kusini. Tarehe 21 Desemba ni kama sm 35, kaskazini.

Ukiwa na mwalimu rafiki Kisumu, afanye jaribio siku hiyohiyo. Yake itachelewa kwa takriban dakika 20, na simu zenu zote zinaonyesha saa ileile. Watoto wakishaona hilo, wameelewa kwa nini dunia inahitaji kanda: la sivyo kila mji ungekuwa na saa yake.

3. Gawa mpira mapande 24. Kata ukanda wa karatasi uzunguke mpira katikati mara moja bila kupishana. Kunja ukanda huo mara tatu sawasawa, kisha nusu, nusu tena, nusu tena: 3, 6, 12, 24. Karatasi nene hugoma kwenye mkunjo wa mwisho. Hapo kunjua utie alama kwa rula. Mpira namba 5 una mzingo wa sm 68 hadi 70, kwa hiyo kila pande ni karibu sm 2.9. Hamishia alama kwenye mpira na uchore mistari kutoka ncha ya juu hadi ya chini.

Duara ni nyuzi 360. Kwa 24 ni nyuzi 15 kwa kila lisaa, au dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Nadharia inayohitajika ni hiyo tu.

Andika 0 kwenye mstari mmoja: huo ni wa Greenwich. Hesabu mistari mitatu kuelekea mashariki, yaani kulia ikiwa ncha ya kaskazini iko juu: Mogadishu. Rudi sm 1 magharibi, chini kidogo ya katikati ya mpira, utie nukta nyekundu: Mombasa. Weka pia Mumbai, karibu na mstari wa tano, na Guangzhou, katikati ya wa saba na wa nane.

4. Zungusha gizani. Ziba madirisha kwa leso. Tochi iwe umbali wa mita 2, kimo sawa na mpira, na isisogee. Zungusha mpira kinyume cha akrabu ukitazama kutoka juu. Kosa linalofanywa zaidi na walimu, si wanafunzi, ni kuuzungusha upande usiofaa, na somo lote linageuka kichwa chini. Jikague hivi: Mumbai lazima iingie kwenye mwanga kabla ya Mombasa.

Simamisha mpira Mombasa ikiwa katikati ya mwanga. Waulize: London wameshaifikia adhuhuri? Bado. Kwa hiyo saa yao ni ndogo kuliko yetu. Guangzhou? Imeshawapita. Saa yao ni kubwa. Waandike daftarini kwa maneno yao wenyewe, kisha uwape kifupi: *mashariki ongeza, magharibi toa*.

5. Tengenezeni rula ya saa. Kila jozi ya wanafunzi itengeneze yake.

- Ukanda A: urefu sm 48, upana sm 4. Tia mstari kila baada ya sm 2. Andika 0 hadi 24. Huu ni wa Mombasa, siku ya Jumamosi.
- Ukanda B: sm 144, yaani vipande vitatu vya sm 48 vilivyogundishwa. Kila kipande andika 0 hadi 23. Cha kwanza ni Ijumaa, cha pili Jumamosi, cha tatu Jumapili. Kwenye maungio ya siku piga mstari mnene mwekundu.
- Chini ya kila namba kwenye kanda zote mbili andika saa ya Kiswahili kwa kalamu nyeusi: 0 ni sita usiku, 6 ni kumi na mbili asubuhi, 12 ni sita mchana, 18 ni kumi na mbili jioni.

Namba ziandikwe kwenye mstari, kama rula ya kawaida, zisiandikwe katikati ya kisanduku. Wanaoandika katikati watakwama wakifika India, ambako kuna nusu.

Matumizi: laza A juu ya B, 0 ya Jumamosi ikikutana na 0 ya Jumamosi. Nchi iliyotutangulia, B inasukumwa kushoto. Watoto wataisukuma kulia kwa kuwa "imetangulia", nawe utarudia hili mpaka ukauke koo. Mkagueni kwa China: B ikienda kushoto visanduku vitano, sm 10, chini ya 14 ya Mombasa inakaa 19.

6. Maswali kwa miji wanayoijua. Anza na walikokwenda jamaa zao. Hapa mjini hukosi mtoto mwenye shangazi Jeddah au baba baharini.

- Jeddah, Dar es Salaam, Kampala, Addis Ababa: sawa na sisi
- Dubai, Muscat: tunaongeza lisaa 1
- Mumbai: masaa 2 na dakika 30 (sm 5 kwenye rula)
- Kathmandu: masaa 2 na dakika 45 (sm 5.5)
- Guangzhou: masaa 5
- Tokyo: masaa 6
- Johannesburg, Lubumbashi: tunatoa lisaa 1
- Lagos, Kinshasa: tunatoa masaa 2

Kongo ina kanda mbili, kama mnavyoona, ilhali China nzima, kubwa ilivyo, inatumia moja. Waelewe tangu hapa kwamba mipaka ya kanda huchorwa na serikali. Hata kwetu: kanuni ya nyuzi 15 ingefuatwa kavukavu, kanda yetu ingekomea nyuzi 37.5, na abiria wa treni ya Nairobi angerudisha saa yake nyuma karibu na Emali.

Kuhusu Addis Ababa kuna jambo tamu la kuwaambia: Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Mtoto anayeionea haya saa ya Kiswahili atainua kichwa.

7. Saa zinazosogea. Usianze na maelezo. Andika ubaoni: "Mechi ya Jumamosi inayoanza 15:00 Uingereza huonekana hapa saa ngapi?" Wale wa mpira watagawanyika: saa kumi na moja, na saa kumi na mbili jioni. Wote wako sawa. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele kwa lisaa 1, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Sisi hatusogezi. Basi London ni toa 2 wakati wa joto lao, toa 3 wakati wa baridi.

Marekani nayo husogeza, lakini kwa tarehe zake: Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. New York ni toa 7 au toa 8. Kuna majuma mawili matatu mwezi Machi ambapo Marekani wamekwisha kusogeza na Uingereza bado. Wiki hizo ndizo watu hukosa mikutano yao ya mtandaoni.

8. Siku inapobadilika. Mombasa ni Jumamosi 14:00. Waambie watafute kisiwa cha Kiritimati katika nchi ya Kiribati: ongeza masaa 11. Wanapata 01:00, Jumapili. Sasa Honolulu: toa masaa 13. Wanapata 01:00, Jumamosi. Saa ileile, longitudo karibu ileile, siku tofauti. Acha wapige kelele kidogo.

Kati yao unapita mstari wa tarehe, uliopindwa ili nchi ya Kiribati isigawanyike siku mbili. Samoa iliuvuka mstari huo mwishoni mwa 2011: watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa hiyo kwao haikuwapo.

Hapa angalia lugha tena. Kwa wazee wetu wa Pwani siku huingia jua likizama, na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mwanafunzi akikujibu "Jumapili usiku" muulize: wa kuamkia Jumapili au wa kuamkia Jumatatu? Katika daftari lazimisha tarehe, kamwe si jina la siku peke yake.

9. Ramani sasa. Itandike ukutani, wabandike karatasi za saa kwenye miji waliyohesabu. Kipindi kimoja kinatosha na kubaki.

Maswali watakayokuuliza

*Nani alichagua Greenwich?* Mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1884. Ishirini na mbili waliunga mkono, mmoja akapinga, Ufaransa na Brazil hawakupiga kura.

*Makka tuna saa ileile nao, mbona jua kwao halizami wakati mmoja na kwetu?* Swali zuri kuliko yote. Makka na Mombasa ziko karibu longitudo moja, hivyo jua hupinduka kote kwa wakati mmoja, tofauti haifiki dakika. Lakini Makka iko mbali kaskazini mwa ikweta: mwezi Juni mchana wao ni mrefu na jua huzama kama dakika 45 baada ya letu, Desemba mambo hugeuka. Kanda ya saa haihusiki hapo.

Mambo yakiharibika

*Jibu limekosewa kwa masaa 6.* Amebadilisha lugha ya saa katikati. Mrudishe hatua ya 1.

*Limekosewa kwa masaa 10 kwa China, 6 kwa London.* Ameongeza palipo pa kutoa au kinyume chake. Kosa ni mara mbili ya tofauti. Kwa London za baridi hili hufanana na kosa la juu, kwa hiyo mpe swali la pili, la China, ndipo uhukumu.

*India inatoka 16:60 au 16:80.* Anaandika 2.30 kama desimali. Saa ina dakika 60. Mwambie aongeze masaa kwanza, dakika baadaye, na dakika zikifika 60 zigeuke lisaa.

*Jibu ni −3 au 27.* Jibu liko sahihi ila halijakamilika. Chini ya 0 ongeza 24 na uende jana. 24 na kuendelea, toa 24 na uende kesho.

*Simu inakataa jibu sahihi.* Angalia kama nchi hiyo imesogeza saa, kisha angalia kama simu yenyewe imewekwa kanda ya Nairobi. Simu iliyonunuliwa Dubai na kuzimwa mpangilio wa saa wa kiotomatiki hubaki lisaa 1 mbele.

*Swali la mtihani linatoa 14:40 na rula inasema 15:00.* Swali linasema: "Ikiwa 0° ni 12:00, ni saa ngapi longitudo 40° mashariki?" Hilo linataka saa ya jua: 40 mara 4 ni dakika 160, jibu 14:40. Likitaja nchi au mji bila nyuzi, linataka saa ya kanda, 15:00. Wapige mstari chini ya neno "longitudo" au jina la mji kabla hawajaandika tarakimu yoyote.